Lori Langu Halina Ugonjwa

Jumatatu, 12 Juni 1995

Nimemaliza! Lori langu, Nawashangaa, limepona. Naandika nikiwa na grisi mpaka kwenye nyusi, na mke wangu Adela amenikataza kukalia viti vyake. Si kitu. Nimekaa juu ya tairi.

Niweke kumbukumbu kwa ajili ya siku nitakapokuwa tajiri. Lori hili nililipata kwenye mnada, wakati ule mashirika ya umma yalipokuwa yanauza kila kitu mpaka mapazia. Lilikuwa limelala nyuma ya ghala, kuku wametaga chini ya usukani. Wenzangu walicheka. Mimi niliona mbali. Siku hizi mtu binafsi anaruhusiwa kununua mazao, mazao yanataka gari, na gari ninalo. Mahindi ya Adela ndiyo yaliyolinunua. Yeye alilima, mimi nikawaza. Ndoa ni kusaidiana.

Ugonjwa wa mwisho ulikuwa kifuniko cha tenki la dizeli. Kilidondoka njiani, au kiliibwa. Mimi nasema kiliibwa, na mwizi namjua: shemeji yangu Rupert, kaka yake Adela, mwenye gereji hapa hapa mtaani kwetu Mfaranyaki, Songea, na lori la Kijapani linalong'aa kama sahani ya mgeni. Madukani hakuna kifuniko cha gari la umri wa Nawashangaa. Fundi mwingine angekaa chini akalia. Mimi nimechukua gunzi la hindi, nikalivika nailoni, juu ya nailoni mpira wa tyubu, nikaligonga kwa nyundo mpaka likazama. Haitoki hata harufu. Juu ya tenki palikuwa na kitobo cha kutu. Nacho nimekiziba kwa sabuni ya kipande.

Adela kauliza kama tenki halihitaji hewa. Nimemjibu kwa upole kwamba hewa ni ya matairi.

Jumanne, 13 Juni

Habari kubwa kutoka Namtumbo. Mama mkwe wangu, Mama Anjelika, ni mwenyekiti wa wakulima wa tumbaku kijijini kwake. Msimu huu wanauza kwa kampuni ya watu binafsi yenye ghala hapa mjini, na wanatafuta lori la kubeba tumbaku ya kijiji kizima. Lori moja tu, msimu wote. Wenye malori katika familia ni wawili: mwanawe Rupert na mkwewe, yaani mimi.

Mama mkwe kasema hapendelei mtu. Jumamosi kila mmoja atapakia marobota kijijini. Atakayefika wa kwanza ghalani Songea ndiye mbebaji.

Jioni Rupert akanikuta kilabuni. Mbele za watu akasema ananionea huruma, na kwamba nikishindwa yuko tayari kuniondolea aibu uani: atalikata Nawashangaa vipande vipande, watu wapate majembe na masufuria. Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Komoni, pombe yetu ya mahindi, leo ilikuwa kali.

Nikafika nyumbani, nikakuta Adela ameshasikia. Nilitegemea atanitetea. Kasema hata yeye ameafiki, kwa sababu mahindi yake yakigeuka sufuria angalau ataweza kupikia. Akaongeza kwamba uwanja ule ukiwa wazi atapanda mchicha. Amekwisha kuupima kwa hatua. Nimeumia sana, lakini nimekula.

Jumatano, 14 Juni

Majaribio. Asubuhi baridi ya Songea ilikuwa ile ya kuuma mifupa, na dizeli nayo ina mifupa. Nikawasha moto wa magunzi chini ya injini ili damu itembee. Majirani walikuja wakidhani nachoma nyama. Walipoona si nyama walitaka kuondoka, nikawaomba wasukume. Betri yangu imepumzika tangu Pasaka, ndiyo maana Nawashangaa hulala mtelemkoni, jiwe chini ya gurudumu. Unaondoa jiwe, unaomba Mungu, unaachia klachi. Likawaka. Moshi ukafunika mtaa mzima. Nguo za Mama Hilda zilikuwa kwenye kamba. Tutaongea naye.

Nikashika barabara ya Namtumbo. Injini inaimba. Nikapungia watu nisiowajua. Halafu, kwenye kilima kirefu cha kwanza, likaanza kuishiwa nguvu. Likakohoa. Likazima.

Sikubabaika. Fundi wa kweli husikiliza kwanza. Nilikumbuka kwamba gia boksi lilikuwa linanguruma tangu asubuhi. Dawa ya gia boksi linalonguruma kila dereva anaijua: ndizi mbivu. Nikanunua chane kwa mama mmoja wa njiani, nikazimenya, nikazisokomeza humo pamoja na oili. Mama yule akaniuliza kama gari linakula na maganda.

Kisha nikaona nipime dizeli kwa kijiti, isije ikawa imekwisha bure. Gunzi likagoma kutoka. Lilikuwa limeng'ang'ania kama limevutwa kwa ndani. Nikalitia bisibisi, nikavuta mpaka nikakaa chini, na tenki likapumua fyuuu, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Dizeli tele. Nikarudishia gunzi, nikaligonga zaidi ya mwanzo.

Nikaachia jiwe. Likawaka mara moja na kurudi mpaka nyumbani.

Ndizi zinafanya kazi.

Alhamisi, 15 Juni

Limezima tena, mbele kidogo ya palepale. Ndizi zilikuwemo, kwa hiyo si gia boksi. Nikakaa kwenye nyasi nikafikiri sana. Jibu likaja lenyewe: pampu ya dizeli inapata joto. Nilivua shati, nikalilowesha mtoni, nikaifunga pampu kama mgonjwa wa homa. Kwa kuwa nilikuwa nasubiri shati lifanye kazi, nikafungua tenki nipime dizeli. Fyuuu. Nikafunga. Nikawasha. Likapanda kilima chote, mimi kifua wazi, nikiimba wimbo wa kwaya sehemu zote nne.

Hivyo sasa nina dawa mbili: ndizi na shati bichi. Rupert ana spana za Kijapani, lakini mawazo hayauzwi dukani.

Niliporudi niliona jambo la kukasirisha. Tenki limebonyea. Ubavu mzima umeingia ndani, kama shavu la mzee asiye na meno. Jumatatu halikuwa hivi. Nikaenda moja kwa moja gereji kwa Rupert nikamwambia ameniharibia tenki kwa mateke. Akaja akalitazama. Kasema ili mtu alibonyeze namna ile ingebidi apige teke kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, tena na chini. Nikamwambia mwenye hatia ndiye anayejua mambo kwa undani.  Aliondoka akitikisa kichwa, nami nikahesabu kuwa ni ushindi.

Adela anataka kujua shati lake alilonipigia pasi lilienda wapi.

Ijumaa, 16 Juni

Tumefika Namtumbo. Nasema tumefika, sisemi lini tulitoka. Limezima njia nzima. Kila lilipozima nilitoa dawa: ndizi, shati, ndizi na shati. Mara moja nilikosa vyote, nikalipiga tu kofi kwenye boneti na kulisema kwa Kingoni, kisha nikapima dizeli, likawaka. Kwa hiyo hata maneno yanafanya kazi. Adela alikuwa amekaa na chane la ndizi mapajani. Njiani alisema jambo moja tu: kwamba kila nikimaliza matibabu nafungua tenki, na gari halijawahi kuwaka kabla sijafungua. Nikamwambia asichanganye mambo. Kupima dizeli si matibabu.

Tulipoingia kijijini Rupert alikuwa ameshaoga, amekula, na gari lake limeoshwa. Amekaa kwenye bampa lake akichokoa meno. Aliniuliza kama nimepitia Makambako, mji wa upande mwingine kabisa.

Nikamsalimia mama mkwe kwa adabu zote. Kwetu mkwe hapewi mkono, hutazamani naye usoni, huli naye, na akipita unageukia pembeni. Mkitaka kuambiana jambo mnampa mtu wa tatu. Nikapiga goti mbali, kule kwenye banda la kukaushia tumbaku, nikasema shikamoo nikiutazama ukuta. Akaitika akitazama kwingine. Tunaheshimiana sana. Sijawahi kuiona sura yake vizuri, ila naambiwa Adela amefanana naye.

Baadaye nikasikia Adela akimsimulia safari yetu, gunzi na fyuuu na yote. Mama mkwe hupika komoni ya kuuza, kwa hiyo mawazo yake yote yako kwenye mapipa. Akamtuma Adela aje kuniambia hivi: pipa la komoni ukilifunga juu kabisa, hata ufungue koki ya chini, pombe haishuki, mpaka ulegeze kifuniko lipate kupumua. Kasema na lori ni hivyo hivyo. Nilitoe gunzi lile, niweke kitambaa tu.

Nikamtuma Adela arudishe majibu kwa heshima: kwamba namshukuru mama, ila lori si pombe, na kitambaa kinaingiza vumbi. Adela akaenda. Nikasikia wanawake wanacheka jikoni muda mrefu. Lazima Adela aliwasimulia ya Rupert.

Jumamosi, 17 Juni

 Nitaandika kwa utaratibu.

Tumepakia alfajiri, marobota sawa kwa sawa. Wanakijiji wote walitoka, mpaka watu wa jumuiya ya kanisa na shehe wa msikitini, kila mmoja anataka kuona tumbaku yake itakwenda na nani. Mama mkwe akatangaza kwamba anasafiri na mzigo. Kila mtu alijua atapanda kwa mwanawe. Rupert alishamfutia kiti cha mbele na kukitandikia kanga. Mama akakipita. Akasema atapanda kwangu, juu ya marobota, kwa kuwa ndani hatuwezi kukaa pamoja na yeye anataka upepo. Rupert alibaki ameshika mlango wazi. Nilimwonea huruma kidogo, halafu ikaisha.

Kabla ya kupanda, mama mkwe alizunguka lori taratibu, akaja upande wa tenki. Mimi nilikuwa palepale, basi kwa adabu nikageuka nikatazama migomba mpaka akamaliza kuzunguka. Nilisikia sauti kama fyuuu. Nadhani ni magoti yake, maskini, umri umekwenda.

Wanaume wakasukuma. Nawashangaa likawaka. Rupert yeye aligeuza ufunguo tu, akapiga honi na kutuacha kwenye vumbi lake.

Sikuharakisha. Nilikuwa na ndizi za kutosha na mashati mawili, yote mabichi. Tukapanda kilima cha kwanza. Nikakaa tayari kwa kikohozi. Hakikuja. Tukapanda cha pili. Injini inavuta kama ng'ombe aliyeona zizi. Adela alikuwa anatazama mbele huku anatabasamu, nami nikamwambia sasa ameona mumewe ni nani. Kasema ameona.

Sasa sikiliza Rupert alichofanya. Kwenye kile kilima kirefu ninachozimia siku zote, alisimama. Alijua nitazima, akaona raha ya kushinda haitoshi, anataka anivute kwa mnyororo mpaka mjini, watu waone. Kautandaza mnyororo barabarani. Kaagiza kuku wa kuchoma kwa mama wa pale. Kavua viatu, kalala kivulini.

Nikatokea kwenye kona na moto wote. Nilimwona anainuka na paja la kuku mkononi. Nilimwona anatafuta viatu. Nikapiga honi, na kwa kuwa honi yangu haizimi ikishaanza, ikalia mpaka chini ya kilima. Mama mkwe kule juu alipiga kigelegele. Sikugeuka kumtazama, lakini nilikisikia.

Rupert akaja nyuma mbio. Barabara ni nyembamba, na Nawashangaa ana moshi wake ule. Kila akijaribu kupita haoni kitu, anarudi. Nilimsikia akipiga honi, akipiga kelele, akikohoa. Mpaka Mfaranyaki alikuwa humo humo ndani ya moshi wangu. Tulipoingia ghalani lori lake la kung'aa lilikuwa jeusi, na yeye amebaki macho tu. Karani wa ghala, Bwana Bakili, aliandika jina langu mwanzo, kabla ya la Rupert. Nililia. Sioni haya kusema. Niliukumbatia usukani nikalia, nikafikiria yale masufuria ambayo Nawashangaa hatakuwa, na Adela akanipangusa uso na shati bichi.

Kitu kimoja tu. Wakati wa kushusha niligundua gunzi halipo. Badala yake kuna kipande cha kanga kimekaa juu ya tundu, kimelegea. Mhujumu alikuja tena! Na bado nikashinda. Fikiria ningekuwa na gunzi langu ningefika saa ngapi.

Jumapili, 18 Juni

Misa ya kwanza. Nimekaa mbele. Baada ya misa watu walinizunguka kuliko padri.

Nyumbani Adela akafungua pindo la kanga yake akanipa gunzi langu, nailoni na mpira vyote vipo. Kasema ni mama aliyelichomoa jana alfajiri nilipogeukia migomba, akaweka kitambaa, na ndiyo maana gari halikuzima. Kasema mama anaomba kwa heshima nisilirudishe.

 Nilitafakari. Na nikaelewa yote. Mama mkwe alijua Rupert anataka kuliiba, akalitoa mapema akalificha. Mwanamke jasiri, kamsaliti hata mwanawe wa kumzaa kwa ajili yangu. Na tukiwa tumebeba gunzi ndani ya gari, hata kama halijachomekwa, likatulinda. Machozi yalinitoka tena. Nikamwambia Adela amfikishie mama shukrani zangu. Adela alinitazama, akaenda kumwagilia mchicha. Sijui ameupanda wapi.

Habari za gunzi lililotulinda zimeshaenea, maana nimemsimulia kila aliyepita. Jioni wamekuja wakulima wawili wa Namtumbo waliolala mjini. Wanasema kijiji kimezungumza: tumbaku ni nyingi, lori moja halitoshi, kwa hiyo mama mkwe ameruhusu Rupert anisaidie, chini yangu. Ila wakulima hawapandishi robota kwenye lori lisilo na gunzi.

Muda si mrefu akaja Rupert mwenyewe. Hakupita mlango wa mbele. Aliongea chini chini. Kasema yeye haamini mambo haya, lakini mteja ni mteja, tena jana ameona kwa macho yake kitu ambacho hakukisoma popote. Kauliza kama naweza kumfungia na yeye.

Mtu mdogo angemcheka. Mimi nilichukua nyundo.

Nimemtengenezea gunzi bora kuliko langu la kwanza, mpira tabaka nyingi, na kifuniko chake cha kiwandani nimekitupa chooni ili asishawishike. Langu nalo nimelifanyia maendeleo: nimelizungushia lami ya barabarani. Ikikauka hata jini hapiti.

Jumanne, 20 Juni

Naandika kwenye goti, juu ya kile kilima kirefu. Siku njema. Jua limetoka, baridi imepungua, na tumebeba tumbaku ya kijiji mpaka springi zimeinama. Msafara wetu ni malori mawili: Nawashangaa mbele, la Rupert nyuma, kama inavyostahili.

Tumesimama kidogo. Langu lilikohoa likazima, na kabla sijashuka nikasikia la Rupert nalo linakohoa nyuma yangu na kuzima. Malori mawili, pumzi moja. Sasa hivi Rupert yuko chini ya gari lake anafungua nozeli za dizeli, amekwisha kulivua shati. Namwelekeza kutoka hapa. Kasema tenki lake limebonyea, na amenitazama vibaya miguuni, kana kwamba mimi ni mtu wa kupiga matenki mateke.

Dizeli sijapima leo. Lami imeshika imara, gunzi halitoki hata kwa bisibisi. Safi sana.

Mama mkwe yuko juu ya marobota, amejifunika mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Nadhani ni vumbi. Amemwita Adela akamnong'oneza jambo refu huku ananyooshea kidole tenki, na Adela ameanza kushuka kuja kwangu. Nimempungia mkono arudi, asisumbue mafundi wakati wa kazi. Salamu za mama nitazipokea tukifika.

Tatizo nimeshalijua. Ndizi za leo zilikuwa mbichi.